Uyoga wa Kufuli Tatu

Benchi la pale kona ni mlango. Mlango kamili wa mbao, mkuukuu, umelazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa mchanga, na tundu la kitasa bado liko katikati yake, mahali ambapo mgeni asiyejua hukaa akanaswa nguo na wenyeji wakacheka. Mlango aliutoa Fundi Komeo, mtengeneza kufuli na mchonga funguo, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya benchi hilo hilo. Ndoo alizitoa Brashi, mpaka rangi, rafiki yake wa tangu enzi ambazo mmoja hakuwa na kibanda na mwingine hakuwa na brashi. Hapo kila jioni Mama Birika hutua jiko lake la kahawa, Redio kinyozi huja na habari ambazo hata wanaohusika hawajazipata, na Mzee Hakimu, aliyeita majina ya washtakiwa mahakamani mpaka akastaafu, hukata kesi kwa methali. Methali anazijua zote. Kinachompa taabu ni pa kuziweka.

Jioni hiyo kesi ilikuwa ni uyoga wa Komeo, uliokataa kuota. Tena afadhali ungekataa moja kwa moja. Ulikuwa umeota miguu, mirefu, myembamba, imepauka, na juu yake vichwa vidogo kama vya pini. Jambo la kumtia mtu kichaa ni kwamba uyoga huo na uyoga wa Brashi ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Walinunua mbegu pamoja, wakachemsha makapi ya pamba kwenye pipa moja, wakajaza mifuko huku wakipiga soga, kisha wakagawana nusu kwa nusu. Aliyewauzia mbegu aliwaambia mifuko ikae gizani kwanza, na ikishageuka myeupe warudi awaeleze yaliyobaki. Ikageuka myeupe, ya huyu na ya yule. Waliporudi wakaambiwa jamaa kahama, na hakuna aliyejua kaelekea wapi. Basi kila mmoja akafuata akili yake.

Akili ya Komeo ni ya kufuli. Aliiweka mifuko kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, dirisha akalikandika magunia, matundu ya juu akayasokomeza matambara, chini ya mlango akasukumia shuka kuukuu, halafu akapiga kufuli tatu za kazi yake mwenyewe. Kuzifungua zote ni shughuli, kwa hiyo maji huyapulizia ndani kwa mrija wa pampu kupitia tundu la ufunguo, na ndani huingia kwa nadra, akichungulia kulia na kushoto kama mtu anayeingia nyumba isiyo yake.

— Mimi tatizo nimeshalijua, alisema Redio akipuliza kahawa. Ni chuma.

— Chuma kimefanyaje? aliuliza Mama Birika.

— Fundi anashinda na chuma mkononi, unga wa chuma umejaa kucha. Anakwenda kuushika uyoga. Uyoga ni kitu laini, ukisikia chuma unajua umefuatwa na kisu. Mteja wangu mmoja alishika mnazi wa watu na mikono ya gereji, hakuzaa tena.

— Nani, mteja wako?

— Mti, mama. Mti.

Komeo hakuinua uso. Alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa na anaupiga tupa, krr, krr, na kila krr ilikuwa jibu. Alichukia kujadiliwa, lakini alichukia zaidi wasipomjadili, maana siku ambazo hawakuzungumzia uyoga wake walizungumzia wa Brashi. Walikuwa na namna yao ya kuusifia, hasa Mama Birika, ambaye aliwahi kusema kichwa kimoja cha uyoga wa Brashi kinaweza kufunika kikombe. Neno hilo lilimkaa Komeo kooni kama mwiba wa samaki. Alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Jana yake mke wa Brashi alileta bakuli limefunikwa, la moto, likinukia mpaka uani. Mkewe Komeo akala, akalamba vidole, akasema mwenzako ana mkono. Komeo akajibu kwamba ameshiba, ingawa tangu asubuhi alikuwa na kahawa tu tumboni. Akajilaza akiusikiliza mwiko ukikwangua bakuli, na akamwonea rafiki yake wivu mkali, wivu wa kumkosesha mtu pa kuweka mikono. Mwenzako, mwenzako, mwenzako. Siku hizi mkewe alikuwa hamalizi sentensi bila mwenzako.

— Chuma hapana, alisema Mzee Hakimu. Tujadili miguu. Huo uyoga una miguu mirefu kwa sababu gani? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wake haujavunjika. Maana yake umesikia la mkuu.

— Mkuu yupi, mzee?

— Hilo ndilo la kuchunguza.

Redio akasema pengine ni kelele ya tupa inayopenya ukutani, kwa vile Brashi anapaka rangi huku akipiga mluzi na kila kiumbe kinapenda mluzi. Angekuwa yeye angenunua redio akaiwasha humo stoo, idhaa ya muziki, si ya habari, maana habari zingeukausha kabisa. Mzee Hakimu akasema hapana, ni shauri la undugu. Uyoga uliozaliwa pipa moja umetenganishwa bila kuagana. Wakubwa wamekwenda kwa Brashi, wadogo wamekwenda kwa fundi, na mdogo asiye na mkubwa hutazama mlangoni siku zote.

— Ndiyo hiyo miguu sasa, alisema. Inanyoosha shingo kumtafuta kaka.

— Miguu inanyoosha shingo?

— Mama Birika, tia kahawa. Kesi hii imekuzidi.

Krr, krr. Komeo alikuwa na maelezo yake ambayo hajamwambia mtu. Yeye aliona ni jicho baya. Siku ile ya kugawana, Brashi aliipitisha mikono juu ya mifuko yote kabla ya kuchagua, akasema hii mizuri, hii mizuri pia, na Komeo alipokumbuka sauti ile sasa aliona kama iliteremka kidogo ilipofika kwenye mifuko yake. Tena nani alimfundisha Brashi kulima? Wazo lilikuwa la Komeo. Yeye ndiye aliyesikia habari za uyoga kwanza, yeye ndiye aliyemshika mwenzake mkono akampeleka. Na sasa kila mtu akisema uyoga, anamaanisha Brashi. Ndiyo maana ya kufuli tatu. Wezi wa kawaida angewawekea moja.

Wakati huo akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akasalimia, akaulizia ufunguo wake, ule ule uliokuwa kwenye jiliwa. Komeo akamwambia akae, amebakiza meno mawili. Mama akalitazama benchi, akaliona tundu, akakaa pembeni yake. Waliokuwepo wakampa heshima kimya kimya kwa hilo.

Na huyo nyuma yake ni Brashi mwenyewe, anakuja anapiga mluzi, kofia ina madoa ya rangi, kwapani furushi la gazeti. Hata mwendo wake ulimuudhi Komeo. Mtu gani anatembea kama amemaliza mambo yote duniani?

Brashi akalifungua furushi juu ya benchi. Kila mtu akainama kuuona uyoga. Ulikuwa umekaa matabaka matabaka, vichwa vipana vya kijivu, vimepandana kama sahani zilizotoka kuoshwa, miguu mifupi, minene, haionekani. Akagawa. Redio fungu, Mzee Hakimu fungu, Mama Birika fungu kubwa kwa sababu ya madeni ya kahawa ya miaka yote, hata yule mama mgeni akapewa fungu, akashukuru kwa mikono miwili. Fungu la mwisho Brashi akalitenga, akaliweka kwenye kidirisha cha kibanda, mbele ya Komeo.

— La shemeji hilo, alisema. Jana kaniambia ulikuwa umeshiba.

— Weka, alisema Komeo.

Krr.

Redio hakutaka kuiacha nafasi hiyo ipite. Akamuuliza Brashi siri. Atamke mbele ya mashahidi, anaufanyia nini.

— Siufanyii kitu.

— Acha hizo.

— Kweli tena. Nanyunyizia maji asubuhi, nanyunyizia jioni. Nikipata nafasi natazama.

— Unatazama kwa nia gani? aliuliza Mzee Hakimu.

— Nia? Natazama tu, mzee. Kuku wangu mmoja naye anatazama, ameshahamia humo.

Siufanyii kitu. Hakuna neno lililomchoma Komeo kama hilo. Yeye amekosa usingizi, amepanda ngazi kuziba matundu, amechafua magoti kwa kusukuma shuka chini ya mlango, na mwenzake hafanyi kitu, anatazama, yeye na kuku. Aliegemea tupa kwa nguvu mpaka akaogopa kuuharibu ufunguo wa watu.

Hapo kijiwe kikachacha. Redio akasema basi ni yule kuku, uyoga unampenda kuku, fundi atafute kuku. Mama Birika akasema si kuku yeyote, pengine ni yule yule, aazimwe kwa zamu. Mzee Hakimu akapinga, akasema kuku wa kuazima hatagi. Halafu akaona kwamba methali hiyo haipo, akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo Komeo abadili shati kabla ya kuingia stoo. Redio akaenda mbali zaidi. Kwa hesabu zake, uyoga wa fundi unanyonywa. Ni ndugu, sivyo? Damu moja. Wa Brashi unavuta nguvu za wa fundi kwa chini kwa chini, ukipita ardhini nyumba hadi nyumba, ndiyo maana huku vichwa na kule miguu. Ukichimba shimo kati ya nyumba hizo mbili utakuta kijia cheupe kinapita.

Komeo akaacha kupiga tupa. Alijua kwamba Redio anapayuka. Lakini kwa muda alitamani liwe kweli, na aliuona moyo wake ukilishika lile neno unanyonywa na kulikumbatia.

— Si jambo la kucheka hilo, alisema, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu jioni hiyo. Kuna vitu haviendi hivi hivi. Mtu unaweka kufuli tatu, unaziba kila tundu, hata mende hapiti, halafu kitu chako kinadumaa. Cha mwenzako kiko wazi, kinastawi. Mtu mzima lazima ajiulize.

Mzee Hakimu aliangalia kikombe chake. Brashi alivua kofia, akaikuna madoa kwa ukucha, akaivaa tena.

— Unaniambia mimi, ndugu yangu? aliuliza taratibu.

— Nimesema mtu ajiulize.

Huenda kijiwe kingevunjika hapo, mlango ukarudi kwa mwenyewe na ndoo kwa mwenyewe. Lakini yule mama mgeni, ambaye alikuwa akimbembeleza mtoto na kusikiliza kama anayesikiliza ugomvi wa wapangaji wa chumba cha pili, akaingilia.

— Samahani, mimi uyoga naujua ukiwa sahanini tu. Wa fundi nimesikia una kufuli tatu. Wa huyu baba una ngapi?

— Hata moja, alisema Brashi. Mlango wangu haushikiki, unapigwa na upepo mchana kutwa. Kitasa chake nilimletea fundi, kinangoja springi.

— Aha. Kwa hiyo usiofungwa ndio unaozaa. Sasa wa kwako, fundi, unamfungia nani?

Aliuliza bila ubaya, akamgeukia mtoto aliyekuwa anataka kulia. Redio akafungua mdomo aseme wezi, akakumbuka kwamba Brashi hana kufuli na hajaibiwa hata kichwa kimoja, akaufunga. Mzee Hakimu akatafuta methali, kila mtu alimwona akiitafuta, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akaikosa. Mama Birika akafuta birika ambalo halikuwa chafu.

Jibu lilikuwa limekaa pale benchini limevaa kofia. Komeo alilitazama. Halafu mawazo yakamshukia, moja linavuta jingine. Upepo mchana kutwa. Magunia dirishani, matambara, shuka. Miguu inayorefuka, inarefuka, kama mtu aliyezama anayenyoosha kichwa apate pumzi. Maskini uyoga wa watu, ulikuwa unatafuta hewa, naye akiurushia maji kupitia tundu la ufunguo.

Na lililobaki lilikuwa baya kuliko yote. Kwenye droo ya meza yake, chini ya mkono wake wa kushoto, ndimo kilimokuwa kitasa cha Brashi. Kilishapona zamani, springi mpya, kimepakwa mafuta, kimefungwa kwenye kitambaa. Hakukirudisha makusudi. Kila Brashi alipouliza alimwambia springi haijapatikana, kwa sababu alitaka mlango ule ubaki wazi kuku waingie wakwanyue, jua liingie likaushe, mtoto wa jirani apite na mifuko. Alimtakia shari, na shari yenyewe ikawa mbolea. Vichwa vyote vile vipana vilivyogawanywa pale benchini vimelelewa na chuki yake yeye mwenyewe, kwa uaminifu, asubuhi na jioni.

— Unajua mama umenikumbusha, alisema Brashi, ambaye hakuwa mtu wa kukaa na donge. Fundi, hicho kitasa. Uyoga umekuwa mwingi, macho yamekuwa mengi, hili la wazi wazi linanitia hofu sasa. Springi ipatikane isipatikane, njoo kesho unifungie kwa lolote. Nifungie kama ulivyofunga kwako.

— Kweli kabisa, alisema Redio. Mfungie mwenzio.

— Haki yake, alisema Mzee Hakimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkono wa Komeo ukaenda kwenye droo wenyewe. Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Angekitoa kitasa, angeambiwa asante, angekwenda kesho na bisibisi, angeziba na madirisha kwa hisani, bila malipo, na hazingepita siku nyingi uyoga wa Brashi nao ungeota miguu, huku wa kwake, dirisha likiwa wazi, ukifunika vikombe. Mkewe angeacha kusema mwenzako. Alilitaka jambo hilo. Tusimpake rangi ya malaika; alilitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni.

Akalitazama lile fungu la uyoga kwenye kidirisha, fungu lililokuwa kubwa kuliko yote isipokuwa la Mama Birika.

— Sikufungii, alisema.

— Nini?

— Mlango wa uyoga haufungwi. Uache ulivyo.

Kijiwe kizima kikamgeukia. Redio akaweka kikombe chini, akasema haya sasa, jamani, mambo hadharani. Mtu ana kufuli tatu kwake, mwenzake anaomba moja ananyimwa. Mama Birika akatikisa kichwa, akasema hakutegemea, kwa watu waliokula sahani moja. Mzee Hakimu akasimama, maana hukumu zake nzito huzitoa akiwa wima.

— Wivu, alisema, bila methali yoyote. Huo ni wivu, Komeo.

Komeo hakubisha. Alikuwa na wivu tangu mifuko ilipogeuka myeupe na hakuna aliyeuona. Sasa ndiyo kwanza unamtoka, unamtoka kwa maumivu kama jino, na ndipo walipoupatia jina. Aende wapi kushtaki? Alipuliza unga wa chuma kwenye ufunguo, akaupitisha kidole, akaona jino moja bado lina kona.

Mama Birika akainua birika, likatoa matone matatu na mvuke. Kahawa imekwisha, alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hata ingekuwepo asingemmiminia fundi, akabeba jiko lake akaenda. Redio akaondoka na fungu lake na habari yake, akiharakisha ili aifikishe ikiwa moto. Mzee Hakimu akamfuata ili isifike na makosa. Benchini wakabaki Brashi, yule mama na mtoto wake aliyekwishalala.

Brashi akazungusha kidole kwenye tundu la kitasa la ule mlango waliokalia miaka yote.

— Nisifunge kweli?

— Usifunge. Hata akija mtu akakwambia ufunge, hata nikikwambia mimi.

— Na wa kwako, je?

Komeo akashika tupa, akairudisha mezani. Akatia mkono mfukoni, akatoa pete ya chuma yenye funguo tatu ambayo mkewe mwenyewe hajawahi kuigusa, akamwekea Brashi kiganjani.

— Katangulie ufungue, alisema. Mimi namalizia jino la huyu mama. Na lile gunia la dirishani nimelipigilia misumari, litakusumbua. Livute kwa nguvu.